Umetoka njia za Meru, unataka lami ya kwenda kazini: baiskeli usinunue kwanza

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34, naishi Usa River, na ofisi yangu iko jirani na Mnara wa Saa, Arusha mjini. Nimezoea baiskeli ya milimani. Jumamosi napanda njia za miguu huku miteremko ya Meru, au tunazunguka ziwa Duluti na wenzangu. Baiskeli yangu ni ya inchi 29, sproketi moja mbele. Sasa kitambi kimeanza na daladala zimenichosha, nataka niende kazini kwa baiskeli. Rafiki ananiuzia baiskeli ya barabarani ya mtumba, fremu ya kaboni, matairi ya milimita 23. Ninunue? Na mtu wa milimani ana cha kujifunza kwenye lami, au ni kukanyaga tu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo ya kaboni mwachie rafiki yako. Baiskeli za barabarani nazipenda kuliko kitu kingine chochote chenye magurudumu, lakini hiyo haikufai kwa kazi unayoitaka, na kitakachokufaa miezi ya mwanzo tayari kimeegeshwa barazani kwako.

Tatizo lake la kwanza ni matairi. Fremu za enzi ya milimita 23 nyingi hazina nafasi ya kupitisha tairi la zaidi ya 25, ukibahatika sana 28. Tairi jembamba hivyo linataka upepo mwingi, psi 100 au zaidi kwa mtu mwenye mwili, na kwa upepo huo kila kokoto na kila kiungo cha daraja kinakujia moja kwa moja viganjani. Zamani watu waliamini kwamba tairi jembamba na gumu ndilo lenye mbio. Imani hiyo imekwisha hata kwa wanaolipwa kukimbia: kwenye mashindano makubwa ya Ulaya leo utakuta matairi ya 28 mpaka 32, na lami yao unaijua ilivyo.

La pili ni kaboni ya mtumba. Chuma kikichoka hukupa dalili, na alumini ikibonyea unaona. Kaboni inaweza kupasuka ndani, rangi ya juu ikabaki inang'aa. Mafundi hugonga kwa sarafu wakasikiliza mlio, na wengine wana sikio zuri kweli, lakini hakuna atakayekuhakikishia kwa sikio kwamba uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, haujawahi kugonga ukuta huko ulikotoka. Uma huo ukikatika ukiwa kwenye mteremko, hupati nafasi ya kujutia bei.

Kwa hiyo geuza baiskeli uliyo nayo. Rimu ya inchi 29 na rimu ya baiskeli ya barabarani inayoandikwa 700C zina kipenyo kilekile cha kukalia tairi: milimita 622. Maana yake matairi laini ya lami yanaingia kwenye magurudumu yako bila kubadilisha kitu kingine. Tafuta yenye upana wa milimita 40 mpaka 50. Usishuke hapo, maana rimu za milimani ni pana, na tairi jembamba juu ya rimu pana hukaa limebetuka na linaweza kuchomoka kwenye kona. Rimu yako ikiwa pana sana, chukua linalokaribia 50. Jaza psi 40 hadi 50 kutegemea uzito wako, na usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi wala kile cha rimu.

Sokoni kuna mtego ambao nimeona watu wengi wakinaswa. Muuzaji atakwambia "hili ni la inchi 28, linaingia," na atakuwa anasema kweli kwa baiskeli nyingine. Tairi la inchi 28 la Phoenix na Avon zetu za kubebea ndizi lina kipenyo cha milimita 635, si 622. Litaingia kwa kulegea, utalijaza upepo, na litaruka kwenye rimu. Inchi 26 nayo ina undugu wa jina tu: ya milimani ni 559, ile ya baiskeli za mjini yenye kuandikwa 26 x 1 3/8 ni 590. Achana na inchi, soma namba mbili ndogo zilizochapwa kwenye mpira, mfano 42-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ndiyo inayosema kama litaingia.

Badiliko hilo la matairi litakushangaza. Meno ya tairi la milimani yanakula nguvu kwenye lami. Ule mvumo unaousikia ukipita barabarani ni nguvu ya miguu yako inayopotea. Funga shokapu ya mbele ukiwa kwenye lami, kama ina kifungio, ili usiwe unakanyaga na kuinamisha baiskeli badala ya kwenda mbele.

Gia nazo usiziogope. Watu watakwambia sproketi moja mbele haitoshi. Tupige hesabu: kama mbele una meno 32 na sproketi ndogo ya nyuma ina 11, ukizungusha pedeli mara 90 kwa dakika unakwenda kilomita 35 kwa saa hivi. Kutoka Usa River hadi mjini hakuna mahali utakapohitaji zaidi ya hapo, ukiwa na begi la kompyuta na shati la ofisini.

Sasa kasi. Mtu mwenye afya ya kawaida kwenye baiskeli ya milimani yenye matairi laini anaweza kushikilia kilomita 20 au 21 kwa saa. Akipanda baiskeli ya barabarani, bila kubadilika mwili, labda 24 au 25. Kwa kilomita zako 20 na ushei, tofauti ni dakika kumi, na foleni ya kuingia mjini inaweza kuzimeza zote. Kinachokuzuia ukishapita kilomita 20 kwa saa si uzito wa baiskeli bali hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inagonga mwili wako, si fremu. Nguvu ya kuishinda hewa inapanda kwa kipeo cha tatu cha kasi: kutoka 25 kwenda 30 kwa saa unahitaji zaidi ya mara moja na nusu ya nguvu uliyokuwa ukiitumia dhidi ya upepo. Ndiyo maana kukunja viwiko na kuinamisha kifua kunakupa zaidi ya kununua fremu nyepesi. Kukunja viwiko ni bure.

Halafu kuna mwinuko ambao ukiwa ndani ya daladala huuoni. Usa River iko chini ya Arusha mjini kwa karibu mita 200. Kwa hiyo asubuhi unapanda, ingawa taratibu mno kiasi cha kudhani kwamba miguu imechoka bila sababu, na jioni unarudi huku ardhi inakusukuma. Kwa mfanyakazi ingependeza kinyume chake, lakini ndiyo jiografia tuliyopewa. Asubuhi panga saa moja na robo, usikimbize mtu. Jioni ndiyo uendeshe kwa nguvu, maana nyumbani kuna bafu lako.

Kabla hujatoka, rekebisha siti. Watu wa milimani huishusha ili waweze kuinama nyuma kwenye mteremko, wakazoea. Kwenye lami utakaa umekanyaga saa nzima bila kuinuka, na siti iliyo chini itakuuma magoti kwa mbele ndani ya wiki mbili. Kaa, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo, inavyotakiwa. Pandisha kwa hatua ndogo ndogo, siyo kwa siku moja. Ukiona nyonga zinayumba kushoto na kulia, umepitiliza.

Usukani wako nao ni mpana kuliko unavyohitaji mjini. Upana ule unakusaidia kupigana na mawe, lakini kati ya bajaji mbili unakuwa balaa. Usiukate haraka, endesha mwezi mmoja kwanza. Viganja vikianza kufa ganzi, funga pembe fupi ncha za usukani ili uwe na mahali pa pili pa kushika. Milimani mwili haukai mahali pamoja, kila dakika unainuka, unainama, unavuta, kwa hiyo ganzi haipati muda wa kuingia. Lami ndiyo inayokuonyesha kila kosa la ukaaji.

Ulizoea viatu vya kujifunga kwenye pedeli? Baki na hivyohivyo vya milimani, vile ambavyo chuma chake kimefichwa ndani ya soli. Vya barabarani vina kipande kikubwa cha plastiki chini, na kutembea navyo kwenye vigae vya ofisi ni aibu na hatari kwa pamoja.

Nimefika sasa kwenye swali lako la pili, na hapa nitakaa kidogo. Unacho cha kujifunza, tena si kidogo, ingawa umekuja na mtaji. Cadel Evans wa Australia alikuwa bingwa wa Kombe la Dunia la baiskeli za milimani mwaka 1998 na 1999 kabla ya kushinda Tour de France 2011. Pauline Ferrand-Prévot alichukua dhahabu ya Olimpiki ya milimani Paris 2024, akarudi kwenye lami, na mwaka uliofuata akashinda Tour de France ya wanawake. Jirani zetu Kenya, Chris Froome alijifunzia njia za vumbi za Kikuyu pamoja na David Kinjah, kwenye baiskeli za milimani, miaka mingi kabla ya ushindi wake wa kwanza wa Tour mwaka 2013. Mlima unafundisha mizani, jicho la mbali na utulivu baiskeli inapoteleza. Hayo mtu wa lami tupu huyatafuta maisha yake yote.

Usilokuja nalo ni tabia ya kusomeka. Kwenye njia ya miguu unaisoma ardhi: jiwe, mzizi, tope. Ardhi haikusomi wewe. Barabarani kila aliye nyuma yako anakukadiria: dereva wa Coaster, kijana wa bodaboda, mama mwenye Noah. Anakadiria utakuwa wapi sekunde tatu zijazo, na akikosea, anayeumia ni wewe. Mtu wa milimani ana mazoea ya kuyumba ghafla kukwepa shimo, kwa sababu nyuma yake hakuna mtu. Hayo ndiyo mazoea ya kwanza ya kuacha. Shimo lione mita 20 kabla, anza kuhama polepole, au kama umechelewa, lipite: simama juu ya pedeli zikiwa sawa, magoti na viwiko vimelegea, uache baiskeli icheze chini yako. Hapo ndipo mtaji wako unapolipa.

Kaa kushoto, lakini usijibane kwenye ukingo. Mita moja kutoka mwisho wa lami ni mahali pazuri. Ukibana ukingoni unawaambia madereva kwamba wanaweza kukupita bila kuhama, na wataamini. Unajinyima pia nafasi ya kukimbilia. Na usiwe unaingia kila penye mwanya kati ya magari yaliyosimama halafu unachomoza tena. Nyooka, waone mgongo wako muda wote.

Jifunze kutazama nyuma kupitia bega la kulia bila baiskeli kuhama. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, maana bega likigeuka mkono unafuata. Nenda uwanja wa shule Jumapili, fuata mstari uliochorwa, tazama nyuma, sema kwa sauti umeona nini, kisha angalia kama bado uko juu ya mstari. Ukiweza hivyo mara zote, ndipo uongeze kunyoosha mkono kuashiria.

Kipande cha Usa River hadi Tengeru ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi kwa ajili yako: njia moja kwenda, moja kurudi, na malori na mabasi ya Moshi na Dar yanapita hapo hapo. Basi kubwa likikupita kwa kasi utahisi mambo mawili, kwanza msukumo wa hewa kukutupa kushoto, halafu mvuto wa kukurudisha kulia linapomalizikia mkia. Usipambane nao kwa kukaza mikono. Legeza viwiko, shika imara, endelea kukanyaga. Kuna siku utalazimika kushuka kwenye lami, na hapo watu wengi huanguka si wakati wa kushuka bali wa kurudi: tairi la mbele linasugua ule ukingo kwa pembe ndogo, linakataa kupanda, mwili unaendelea. Ukishashuka, punguza mwendo, hakikisha nyuma kuko wazi, elekeza gurudumu kwa pembe kubwa na ulinyanyue kidogo, kama unavyopanda mzizi kule msituni. Au simama kabisa. Hakuna anayekupigia makofi.

Jumatano na Jumamosi, siku za gulio la Tengeru, toka mapema zaidi au panda daladala. Watu wanavuka popote, pikipiki zimebeba mikungu ya ndizi kuliko upana wa barabara, na kila mtu ana haraka kukushinda.

Kuanzia Tengeru kuelekea mjini barabara inapanuka kuwa njia mbili kila upande, mpaka Sakina. Utapumua, lakini usilale. Nafasi ikiongezeka na kasi ya magari inaongezeka, na hatari inahamia kwenye vituo. Daladala inayotaka kusimama hukuambia mapema kama unajua kusoma: konda ameshatoa kichwa na mkono, kuna mtu kando amenyoosha kidole, gari linaanza kulalia kushoto. Ukiona mawili kati ya hayo, usijaribu kulipita kwa kushoto. Kushoto kwa daladala ndiko mlango unakofungukia, na abiria anayeshuka hatazami nyuma. Subiri nyuma yake au, kama umeangalia na kulia kuko wazi, lipite kwa kulia kwa nafasi ya kutosha. Bodaboda zinazokuja kinyume kandokando ya barabara usishindane nazo. Punguza, zipe mwanya, na kama una matusi yaweke moyoni.

Kukata kulia kwenye makutano makubwa, miezi ya mwanzo fanya kama mtembea kwa miguu: simama kushoto, shuka, vuka kwenye pundamilia ukiikokota. Kuna wenzangu wanaoona hilo ni la watoto. Mimi naona ni la watu wanaofika kazini.

Breki pia zinabadilika. Kwenye vumbi umezoea kuiachia ya nyuma ikuteleze kidogo na kuiogopa ya mbele. Kwenye lami kavu ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli. Uzito wote unakuja mbele unapofunga, na ya nyuma peke yake itakuburuza tu. Fundisha kidole chako taratibu, sukuma makalio nyuma kidogo unapoibana. Tahadhari ni mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Vumbi na mafuta ya magari vikilowa pamoja vinakuwa utelezi ambao tope la Meru halikukufundisha, hasa juu ya rangi nyeupe za pundamilia na vifuniko vya chuma. Mvua ikipiga nusu saa lami inajiosha na mshiko unarudi. Masika, kati ya Machi na Mei, ruhusu umbali wa kusimama uwe mara mbili.

Taa usizifanye za hiari. Jua letu linachomoza kati ya saa 12 na dakika 10 na 12 na dakika 40 asubuhi, na jioni linazama karibu saa hizo hizo, kwa hiyo utakuwa unatoka na kurudi wakati wa mwanga hafifu. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma, ziwake hata kukiwa na mwanga. Koti la reflekta la mafundi wa ujenzi linatosha, si lazima la dukani kwa wazungu.

Sasa kitambi. Uendeshaji wa milimani ni wa kulipuka na kupumzika: unapanda moyo ukikaribia kutoka, halafu unateremka dakika kadhaa bila kukanyaga. Lami haikupi mapumziko hayo. Utashangaa kuona mtu mwenye mapaja membamba anakuacha kwenye tambarare, wakati kwenye mwinuko wa mawe hakuwezi. Yeye amezoea kutoa nguvu ile ile dakika sitini mfululizo, wewe hujazoea, na ndiyo mazoezi yatakayokubadilisha mwili. Zungusha pedeli mara 80 hadi 90 kwa dakika kwa gia nyepesi kuliko unavyotamani. Kipimo chako kiwe mdomo: asubuhi uweze kusema sentensi nzima bila kukata. Ukishindwa, umezidisha.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wewe ukienda na kurudi siku mbili tu, tayari una zaidi ya dakika 240. Kwa hiyo usianze na siku tano. Anza na nusu safari: kama ofisi ina mahali pa kufungia baiskeli pa uhakika, Jumanne nenda nayo, rudi kwa daladala, Alhamisi nenda kwa daladala, jioni rudi nayo. Ratiba hiyo inaupa mwili nafasi, na inakukutanisha na barabara ya asubuhi na ya jioni kila moja kwa wakati wake. Baada ya wiki tatu nne fanya safari nzima siku moja, kisha mbili. Jumamosi yako ya Meru usiiache, itakulinda usichoke na magari.

Kwa saa moja ya mwendo wa wastani mtu wa kilo 75 hivi anachoma kilokalori 500 au zaidi kidogo. Sahani moja ya chipsi mayai inazirudisha zote na chenji juu. Kitambi kitaondoka ukipunguza na mezani. Safari ya saa moja haihitaji kula njiani, maji yanatosha. Ukienda saa mbili au tatu mwishoni mwa wiki, ndizi mbivu moja kila nusu saa au dakika arobaini inatosha kabisa.

Na kwa hizo safari ndefu, ukiwa na uzoefu, kuna barabara ya mchepuo, kilomita 42 hivi, inayotoka upande wa Usa River ikizunguka kusini mwa jiji hadi Ngaramtoni. Magari ni machache kuliko barabara kuu, ingawa malori yanayopita yanakimbia, na upepo wa tambarare utakupiga kifuani bila huruma. Nenda na mwenzako, mpokezane kukaa mbele. Anayekaa nyuma karibu na gurudumu la mwenzake anapunguziwa mzigo wa hewa kwa kiasi kikubwa, lakini usilisogelee gurudumu hilo kabla hujajua mwenzako anavyofunga breki. Hili nalo huwezi kulijua milimani, ambako kila mtu anaachiana nafasi ya kuanguka.

Mzigo weka kwenye keria, usibebe mgongoni. Mgongo wenye begi unafika ofisini umelowa hata ukienda polepole. Nguo za kazi peleka Jumatatu kwa daladala. Madigadi ya nyuma funga, watu wa ofisini watakushukuru. Kaptura yenye sponji ivae chini ya suruali, na usivae chupi ndani yake.

Baada ya miezi mitatu au minne, kama bado unaenda, ndipo tuzungumze kununua. Wakati huo utakuwa unajua mwenyewe unachotaka. Mimi ningekutafutia ya alumini au chuma, yenye usukani uliopinda chini, nafasi ya tairi la milimita 35 au 40, breki za diski za kuvuta kwa waya kwa sababu fundi yeyote mjini anaweza kuzirekebisha, na matundu ya kufungia keria na madigadi. Sproketi kubwa ya nyuma iwe na meno 34 hivi. Magoti yako ya miaka 50 yataikumbuka. Kwenye mtumba kagua uchakavu wa cheni na sproketi kabla ya rangi, zungusha magurudumu uone kama yanapiga wimbi, na usikubali fremu isiyo saizi yako kwa sababu bei imekaa vizuri. Siti inapanda na kushuka. Urefu wa fremu haubadiliki.

Mpaka hapo, tunza hiyo uliyo nayo. Vumbi letu jekundu likichanganyika na oili nyingi linasaga cheni kama msasa, kwa hiyo futa kwanza, tia tone moja kila kiungo, kisha futa tena ile iliyobaki nje. Oili chafu ya injini usiiguse. Bebea tyubu mbili, viraka, solusheni, vijiti vya kung'olea tairi na pampu ndogo. Miiba ya migunga haitofautishi baiskeli ya milimani na ya barabarani, na ukipata pancha, papasa ndani ya tairi polepole kwa kidole kabla hujaweka tyubu mpya, maana mwiba mara nyingi bado umo. Angalia na valvu. Rimu nyingi za baiskeli kama yako zina tundu dogo la milimita 6.5 linalopokea valvu nyembamba tu, wakati pampu za vituo vya mafuta na za mafundi wa bodaboda ni za valvu nene kama ya gari. Kuna kiunganishi kidogo cha shaba kinachovipatanisha. Nunua viwili, kimoja kikae kimefungwa kwenye valvu muda wote, cha pili kwenye mfuko wa viraka.